KAWEMPE BILA NGANO
Siku nane za mgeni mmoja katika sufuria za wenyeji

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hii nilifundishwa shuleni, nami nikaja kuwafundisha watoto wa watu wakati nilipokuwa mwalimu, kabla sijahamishiwa kazi ya ofisini. Lakini sikuielewa sawasawa mpaka nilipokaa siku nane peke yangu Kawempe, katika mji wa Kampala, nikiwa na maradhi ambayo hayaonekani kwa macho na ambayo niliona haya kuyataja mbele ya watu.

Maradhi yenyewe ni ugonjwa wa seliaki. Mwenye ugonjwa huu hawezi kula ngano, wala shayiri, wala nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Ndani ya nafaka hizo imo protini inayoitwa gluteni, ambayo ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa. Kwa watu wengi protini hiyo haina neno. Kwa mgonjwa wa seliaki, mwili huiona kama adui, ukapigana nayo, na katika vita hiyo ukauharibu utumbo wake wenyewe. Ule utando wa ndani wa utumbo mwembamba, unaofyonza lishe ya chakula, husinyaa, na mtu akawa anakula lakini hanenepi. Tumbo hujaa, choo huwa chepesi, damu hupungua, na uchovu humkalia mtu asijue umetoka wapi.

Mimi niliteseka hivyo karibu miaka minne. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa vidonda vya tumbo, na wako jamaa walionong'ona kwamba nimerogwa. Hatimaye daktari mmoja alinipima damu, kisha akaagiza kichukuliwe kipande kidogo sana cha utumbo wangu na kutazamwa kwa hadubini. Jibu lilipopatikana hakunipa dawa yoyote. Aliniambia tu, "Mama, tangu leo mkate, chapati na maandazi ni sumu kwako. Na itakuwa hivyo maisha yako yote."

Nyumbani jambo hilo si gumu. Sufuria ni zangu, unga ni wangu, na watoto wamekwisha kuzoea. Shida huja mtu anapofunga mkoba na kwenda ugenini, mahali asipojua jiko wala mpishi. Ndiyo sababu nilipopewa barua ya kwenda Kampala kuhudhuria semina ya watunza kumbukumbu, furaha yangu ilichanganyika na hofu.

MANENO YA BABA

Baba yangu ni askari mstaafu. Njia ya Mutukula na Masaka aliipita mwaka 1979 pamoja na kikosi chake, wakati majeshi yetu yalipokuwa yakielekea Kampala, mji uliotekwa tarehe 11 Aprili mwaka huo. Nilipomweleza wasiwasi wangu alicheka. "Mwanangu," alisema, "nchi ile ni ya ndizi. Siku unga wetu ulipochelewa, wenyeji walitupa ndizi, na hakuna aliyelala na njaa. Wewe ogopa kufunga mdomo wako, usiogope chakula chao."

Nilidhani ananipa moyo tu. Nikachukua tahadhari zangu: nilifungasha karanga za kukaanga, mihogo mikavu, mayai ya kuchemsha ya safari ya siku ya kwanza, sufuria ndogo, kijiko na kisu. Basi letu lilivuka Mutukula, likapita Masaka, na Jumapili jioni nikashuka Kampala nikiwa na vumbi jingi lakini tumbo langu salama.

Kawempe ni mojawapo ya sehemu tano za utawala za jiji la Kampala. Iko upande wa kaskazini, kando ya barabara iendayo Bombo. Mtu asiijuaye hudhani ni kitongoji kidogo, kumbe ndani ya mipaka yake zimo Hospitali ya Mulago, iliyoanza mwaka 1913, na Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Zimo pia Wandegeya, Bwaise, ambako mvua ikinyesha maji huingia hata majumbani, na soko kubwa la Kalerwe. Kawempe yenyewe, nilikopanga chumba katika nyumba ya wageni, ni mahali pa maduka, gereji, viwanda vidogo na watu wengi mno. Pikipiki za abiria hupita kama nyuki waliochokozwa.

HARUFU YA ASUBUHI

Jumatatu alfajiri nilitoka kutafuta kifungua kinywa. Kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu ya chapati. Katika kila kona amesimama kijana mbele ya meza, jiko la makaa na bamba la chuma, anasukuma chapati na kuvunja mayai. Huandaa chakula kiitwacho roleksi, yaani mayai ya kukaanga pamoja na nyanya na kabeji, yakaviringishwa ndani ya chapati. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, na wanafunzi wa Makerere waliipenda sana pale Wandegeya hata sifa yake ikaenea mbali.

Kuna na chakula kingine ambacho ndugu zetu askari watakipenda kwa jina lake tu: kikomando. Hiki ni chapati iliyokatwa vipande vipande na kuchanganywa na maharage ya moto. Ni chakula cha bei nafuu kinachomshibisha kijana mpaka jioni. Nikajisemea kwamba huku hata makomando wamejengwa kwa ngano.

Nilimwomba kijana mmoja anikaangie mayai matupu, bila chapati. Alikubali kwa adabu. Lakini nilipotazama lile bamba la chuma, niliona limetapakaa unga, na mwiko aliogeuzia chapati ndio aliotaka kugeuzia mayai yangu. Kwa mgonjwa wa seliaki, chembe za unga zinatosha kudhuru. Vyakula vinavyouzwa kwa ajili ya wagonjwa wa namna yangu, viwango vya kimataifa hutaka gluteni isizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Nilimshukuru kijana, nikamlipa, nikampa mayai yale mtoto aliyekuwa akipita kwenda shule. Siku hiyo nilishinda kwa karanga, mihogo na ndizi mbivu.

AIBU YANGU

Jumanne jioni mshiriki mwenzangu mmoja wa semina, mwenyeji wa hapo, alinikaribisha nyumbani kwake. Alikuwa na mke mkarimu na watoto wenye heshima, ambao walipiga magoti kunisalimu kwa desturi ya Kiganda. Mezani palikuwa na wali, mboga za majani, samaki wa kukaanga, na mchuzi mzito wa rangi nzuri ya kahawia.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipokosea. Nilimwona yule samaki amevaa ganda la kukauka ambalo samaki mtupu hana. Niliuona mchuzi jinsi ulivyoshikana. Moyo uliniambia: uliza. Lakini nilimtazama yule mama aliyesimama jikoni tangu mchana kwa ajili yangu, nikaona kwamba kuuliza ni kumtia ila. Kwetu sisi mgeni anayechambua chakula huhesabiwa kuwa anamchambua mwenye nyumba. Nikanawa mikono, nikala, nikasifu, nikaongezewa, nikala tena.

Kabla ya saa nane ya usiku nilikuwa sakafuni katika chumba changu, nimeshika tumbo. Sitaeleza yaliyotokea, maana gazeti hili husomwa mezani. Itoshe kusema kwamba Jumatano yote sikusimama, na Alhamisi niliingia ukumbini saa sita nikiwa nimeshikilia ukuta. Semina ilikuwa ya siku sita, na Jumamosi kila mshiriki alitakiwa kusoma taarifa yake mbele ya wakufunzi. Ofisi yangu ilikuwa imetumia fedha za wananchi kunileta, nami nilikuwa nimepoteza siku moja na nusu kwa sababu ya haya. Mwenyeji wangu naye alikuja kunijulia hali, akaondoka ameinamisha kichwa, akidhani samaki wake alikuwa ameoza. Hapo nikaona wazi kwamba kunyamaza kwangu, ambako nilikuita adabu, kumemtia mwenyeji wangu ila kubwa kuliko lile swali nililoliogopa.

MAMA WA KANDO YA BARABARA

Alhamisi jioni, dhaifu na mwenye njaa, nilipita mbele ya banda moja la chakula lililo karibu na nyumba ya wageni. Mama mwenyewe, mtu mzima aliyejifunga kitambaa kichwani, alinitazama akasema kwa Kiswahili, "Wewe mgonjwa. Kaa hapa."

Kiswahili chake nilikistaajabia. Katika Uganda lugha hii ilitangazwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini sokoni watu wengi wa Kampala husema Kiganda, na wako wazee ambao bado hukiona Kiswahili kuwa ni lugha ya bunduki. Mama huyu alinieleza kwamba marehemu mume wake alikuwa askari, na kwamba yeye aliishi kambini miaka mingi na kulea watoto wake huko, miongoni mwa jamaa za kila kabila. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha majirani kisimani na jikoni.

Basi nikamwambia yote. Ngano inaniumiza, shayiri pia, hata unga kidogo ulioshika mwiko. Nilitazamia acheke au anione mwenye maringo. Hakucheka. Alifunua sufuria zake moja baada ya nyingine kama mkuu wa ghala anayekaguliwa.

"Hii ni matooke. Ndizi tupu na majani yake. Ngano iingie wapi?" Alinionyesha ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa ndani ya majani ya migomba, zikapikwa kwa mvuke na kupondwa humo humo ndani ya majani mpaka zikawa laini na za manjano. Katika sufuria ya pili mlikuwa na mchuzi wa karanga zilizosagwa, wenye rangi ya waridi iliyofifia. Katika ya tatu, maharage. Kisha viazi vitamu, mihogo, majimbi na vipande vya boga, vyote vimepikwa kwa mvuke. Pembeni palikuwa na posho, yaani ugali wetu wa mahindi, na kalo, ugali mweusi wa ulezi uliochanganywa na unga wa muhogo. Mboga zilikuwa dodo, ambayo ni mchicha, na nakati, yenye uchungu kidogo wa kupendeza.

"Chapati nanunua kwa kijana pale, naweka mbali," alisema. "Mchuzi wa nyama leo usile, maana nilitia unga upate kushika. Kesho nitakupikia bila unga."

Nilikula ndizi na mchuzi wa karanga polepole. Tumbo lilitulia. Naam, nilikumbuka maneno ya baba, na nikaona kwamba chakula cha asili cha nchi hii hakikuwa na ngano hata kidogo. Ngano ilikuja na mkate na chapati, ikakaa kando ya barabara mahali pa watu wenye haraka. Ndani ya majani ya migomba haikuingia.

Mama huyo alinifundisha pia maneno mawili matatu ya Kiganda, ambayo niliyaandika katika daftari na kuyakariri kama mtoto wa darasa la kwanza: "Nnyabo, sirya ng'aano, endwaza." Maana yake ni, "Mama, sili ngano, inaniuguza." Ukisema na mwanamume, badala ya nnyabo utasema ssebo. Tazama jinsi neno lao la ngano lilivyo ndugu wa neno letu. Tangu siku hiyo hadi niondoke sikuingia mahali pa kula bila kulisema, na hakuna aliyenikasirikia. Wengine waliniita jikoni nijionee mwenyewe.

SOKO LA KALERWE

Ijumaa baada ya kazi nilipanda pikipiki mpaka Kalerwe. Soko hili hulisha sehemu kubwa ya kaskazini ya jiji. Mikungu ya ndizi hushushwa kwenye malori na kurundikwa kama kuni. Kuna magunia ya viazi vitamu, mihogo mibichi, nyanya, parachichi kubwa, mananasi, na dagaa wa ziwani ambao wao huwaita mukene. Mtu mwenye sufuria ndogo na jiko la kuazima hawezi kufa njaa hapo. Nilinunua mihogo, parachichi, mayai na ndizi za kuchoma ziitwazo gonja.

Nilipata somo katika mashine ya kusagia nafaka. Nilitaka kununua unga wa ulezi kwa uji. Mwenye mashine aliniambia kweli kwamba ulezi wake ni safi. Lakini kabla ya ulezi wangu, mashine ile ile ilikuwa imesaga nafaka za mchanganyiko kwa uji wa watoto, na ndani ya mchanganyiko huo ilikuwamo ngano. Unga hubaki katika mashine, nao hushuka na mzigo unaofuata. Niliacha unga, nikanunua mchele, nikauchambua na kuuosha mwenyewe.

NGANO INAYOJIFICHA

Nimeona si vibaya niwape wasomaji wetu orodha ya mahali ngano hujificha, kwa kuwa msafiri huikimbia chapati iliyo mbele ya macho akanaswa na ile asiyoiona.

Kwanza, samaki na kuku wa kukaanga. Wapishi wengine huwapaka unga wa ngano ili wakauke vizuri. Omba wa kuchoma au wa kuchemsha. Sato na sangara wa ziwa letu ni watamu bila unga.

Pili, chipsi. Viazi havina neno, lakini mafuta yaliyokaangia sambusa na maandazi asubuhi ndiyo yanayokaangia chipsi jioni.

Tatu, mchuzi mzito, soseji, na mishikaki ya nyama ya kusaga, ambayo huweza kutiwa unga au makombo ya mkate. Sosi nyeusi ya soya ya Kichina nayo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano.

Nne, kabalagala. Hivi ni vitumbua bapa vya Kiganda vinavyokandwa kwa ndizi mbivu ndogo na unga wa muhogo. Kwa asili yake ni chakula salama na kitamu mno. Lakini wako wauzaji wanaochanganya unga wa ngano, na kwa macho huwezi kutambua. Muulize aliyekanda, si aliyetumwa kuuza.

Tano, kwa wale wanaotembelea kantini jioni: bia ya kawaida hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa. Pombe ya ulezi ya kaskazini na mashariki ya Uganda, inywewayo kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja, ina asili nyingine, lakini hapo pia uliza kilichotiwa.

Kwa kifungua kinywa, badala ya maandazi, tafuta katogo. Hizi ni ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, au karanga, au matumbo ya ng'ombe, katika sufuria moja. Ukila katogo saa moja asubuhi, utafika saa saba bila kukumbuka chakula.

NENO KWA WAZAZI

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Sivyo. Ni kweli kwamba aliyegundua kosa la ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa na mashaka na ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto wagonjwa wa seliaki walionekana kupata nafuu katikati ya dhiki iliyowaumiza wengine. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 alitoa andiko lake la utafiti, na tangu hapo tiba ikawa ni kuacha ngano.

Lakini ugonjwa huu umeenea duniani kote, na hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 100 anao, wengi wao bila kujua. Tena mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa watoto wa Sahara Magharibi walioishi katika kambi za wakimbizi, zaidi ya watano katika kila 100 walikuwa nao. Hao ni watoto wa Afrika kama wa kwetu, waliokuwa wakilishwa kwa wingi chakula cha ngano.

Nikiwa Kawempe nilipita mara kwa mara karibu na kilima cha Mulago. Hospitali hiyo ina sifa ya zamani katika mambo ya lishe ya watoto, na ndani yake kimo kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina lenye maana ya mtoto mwenye afya. Huko akina mama wamefundishwa kwa miaka mingi kumkomboa mtoto aliyedhoofika kwa vyakula vya shambani mwao. Mtoto mwenye tumbo kubwa na mikono myembamba mara nyingi amekosa chakula cha kutosha, au ana minyoo, na hayo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Lakini ikiwa mtoto analishwa vizuri, ametibiwa minyoo, na bado anadhoofu, anaharisha na damu haimjai, mzazi amwulize mganga wa zahanati ya kambi juu ya seliaki.

Jambo moja liwe wazi. Msimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa. Kipimo hutafuta dalili za ile vita ya mwilini, na vita hiyo hupoa ngano inapoondolewa, hata jibu likaja la uongo. Pimeni kwanza, ndipo muache. Na asiye na ugonjwa huu hana sababu ya kuuogopa mkate wake.

Familia za askari na polisi zina faida moja katika jambo hili. Ugali na maharage, ambavyo vijana wa kambini hulalamika kwamba wamevichoka, ni chakula salama kabisa kwa mgonjwa wa seliaki, mradi unga uwe umesagwa safi. Adhabu ya mgonjwa ipo katika mkate wa asubuhi, biskuti za safari, na sherehe.

JUMAMOSI JIONI

Jumamosi nilisimama mbele ya wakufunzi nikasoma taarifa yangu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini nilifika mwisho, na wakufunzi waliipokea. Baada ya hapo nilimfuata yule mwenyeji wangu aliyenikaribisha Jumanne. Nikamwambia, "Ndugu yangu, samaki wako alikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyekuficha." Nikamweleza tangu mwanzo hadi mwisho.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, mke wangu hakulala siku mbili. Alidhani ametaka kumwua mgeni." Akanishika mkono, akanirudisha nyumbani kwake jioni ile ile.

Mkewe aliponiona aliweka mikono kifuani. Nilimsemea lile neno langu la Kiganda, "Sirya ng'aano," naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaniita jikoni. Hapo, mbele ya macho yangu, alichukua majani machanga ya mgomba, akayapitisha juu ya moto yalainike, akatia humo kuku na mchuzi wa karanga, akayafunga kwa kamba ya mgomba na kuyaweka katika mvuke. Chakula hicho ni luwombo, ambacho husimuliwa kwamba kilianzia jikoni mwa Kabaka Mwanga. Kila mgeni hupewa fungu lake ndani ya jani lake, nalo hufunguliwa mezani mbele yake.

Nilikifungua changu, na harufu ikajaza chumba. Nilikula bila hofu, nikaongezewa, nikala tena, na safari hii sifa nilizotoa zilikuwa za kweli. Usiku nililala usingizi mzito.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kwenye basi, nilipita kumwaga yule mama wa bandani. Alinifungia gonja za kuchoma na mihogo katika jani, akaniambia, "Njiani usione haya. Uliza." Mpaka Mutukula niliuliza mara tatu, na mara zote tatu nilijibiwa vizuri.

Basi nawasihi wenzangu wenye maradhi haya, na hata wenye kisukari, shinikizo la damu au tumbo lisilopatana na maziwa: mwendapo ugenini msinyamaze. Mwenyeji mwema hawezi kujua yaliyomo tumboni mwako. Jifunze jina la kile kinachokudhuru katika lugha ya mahali uendapo, lisema kwa upole kabla sahani haijapakuliwa, na ueleze sababu yake. Ukifanya hivyo, utakula na kushiba, na yule aliyekupikia atalala bila mashaka.